Mfuko wa Ndani

Mradi wa muhula wa mwisho, alama arubaini:
vazi moja kamili la mama mwenye nyumba,
Pangani, mwaka wa thelathini na nane,
wiki moja kabla ya kubomolewa.
Bajeti elfu mbili na mia tano,
risiti zibandikwe ukurasa wa nyuma.

Nilianza na picha, nayo ya kuazima,
imetolewa nakala juu ya nakala hadi nyuso zimekuwa ukungu:
wanawake watano mbele ya ukuta wa udongo,
na nguo zao zote kijivu.
Nani alivaa kijivu?
Palikuwa na wekundu hapo, naapa,
palikuwa na manjano ya binzari na weusi wa kaniki.
Kamera ndiyo iliyokuwa maskini.

Gikomba, Jumamosi, marobota yanapasuliwa.
Nikachimba hadi nikashika shuka,
pamba tupu, nzito, ya hospitali ya nchi nisiyoijua,
nambari ya wodi imechapwa pembeni.
"Hamsini," akasema Mutinda. "Mbili kwa themanini, dadangu,
ukifa leo una sanda na ya kubadilisha."

Usiku tukaichemsha kwa majani ya chai
katika sufuria ya Kerubo, kwa koili iliyopigwa marufuku,
taulo limezibwa chini ya mlango.
Mama wa bweni akanusa. "Mnapika nini humo?"
"Merikani."
"Haya. Iive vizuri."

Jumanne Daktari Mwadime akaligeuza vazi ndani nje,
akashusha miwani hadi ncha ya pua.
"Zipu," akasema,
akaliacha neno lining'inie
kama nguo isiyo na mwenyewe.
"Huyu mama, zipu ya nailoni kaipata duka gani?"
Darasa likacheka. Nami nikacheka, koo likiniwasha.

Nikafumua.
Nikaziba mgongo, nikapasua kifua.
Vifungo kumi na viwili, matundu kumi na mawili,
stima ikapotea kwenye tundu la saba,
nikaendelea na tochi ya simu niliyoibana kidevuni.
Ndipo, katika giza lile, nikamfikiria yeye:
ana vyumba sita vya kupangisha,
kodi ya vyumba sita anaiweka wapi?
Si pindoni mwa kanga, fundo litaonekana.
Si benki, benki haikumjua jina.
Nikakata kipande cha shuka kilichobaki,
kile chenye nambari ya wodi,
nikakishona kwa ndani, chini ya mbavu za kushoto,
mahali mkono wa kulia hufika bila kutafuta.
Sikuuchora kwenye mchoro. Sikumwambia mtu.
Nguo ya kuazima, wanasema, haisitiri matako;
hii nilitaka imsitiri hata asiyekuwepo.

Usiku wa onyesho nilisimama nyuma ya pazia,
pini mdomoni kwa mazoea.
Mmbone ndiye aliyelivaa, msichana wa uhasibu.
Karani akasoma amri, akataja fidia.
Mswada unasema: *Mama analia.*
Mmbone hakulia.
Mkono wake ukapanda polepole,
ukaingia kati ya kifungo cha tatu na cha nne
(aliugundua lini? sijui, hakuniuliza)
ukakaa humo, umefumbwa,
kama mtu anayehesabu bila kutikisa midomo.
Ukumbini mtu alikuwa akikohoa. Akaacha.

Thelathini na moja kwa arubaini.
Mabega hayalingani, aliandika Daktari, na ni kweli.
Chini yake, kwa penseli:
*Mfuko? Ushahidi uko wapi?*

Sina.
Nilipokuwa nikilikunja vazi kulirudisha sandukuni
nikatia vidole:
sarafu ya shilingi ishirini, Mmbone kaisahau.
Sikuwa na risiti yake.
Nikaiacha humo humo.